Upepo mbali, maji mbali

Tangu kile kipindi chetu cha kununua nyumba, ujumbe mwingi unaoingia unatoka kwa watu wa Texas na Florida, na swali ni lile lile kwa maneno tofauti: hii bima ya upepo ni kitu gani, na kwa nini wakala ananiletea karatasi tatu badala ya moja? Nimejitolea kujibu mimi, kwa sababu mwaka jana nilipita humo humo nikiwa na Baba pembeni, na Baba si mtu wa kupitishwa haraka.

Niseme mapema kwamba mimi ni mhasibu. Tarakimu hazinitishi. Kilichonitoa jasho ni kuzieleza kwa Kiswahili, kwa mzee ambaye dola 40,000 za malipo ya kwanza ya nyumba zilikuwa zake, za miaka zaidi ya 20 ya kuendesha teksi Houston. Sisi tuliokulia huku tumetafsiri kila kitu tangu tuko darasa la tatu: barua za shule, dawa, kodi, simu za kampuni ya umeme. Lakini ukitafsiri vibaya barua ya shule, mwalimu atapiga simu. Ukitafsiri vibaya mkataba wa bima, utajua siku paa limekwenda.

Nyumba iko La Marque, kaunti ya Galveston, upande wa bara. Ukitoka hapo kwa gari, dakika ishirini hivi uko kisiwani Galveston, ule mji ambao kimbunga cha Septemba 1900 kiliua watu wasiopungua 6,000, na wengi husema 8,000. Baada ya hapo wakajenga ukuta wa bahari na kuuinua mji wenyewe kwa kujaza mchanga chini ya nyumba. Nikiwapeleka wageni pale ufukweni huwaonyesha ukuta kabla ya bahari. Ukishauona ule ukuta huhitaji kuambiwa unanunua nyumba wapi.

Sasa, kwa mtu aliyezoea Dallas, bima ya nyumba ni moja. Moto, mwizi, bomba kupasuka, upepo, mvua ya mawe, vyote mle mle. Ukishuka pwani, upepo unatolewa. Kampuni nyingi zinakuuzia bima ya nyumba yenye mstari unaosema upepo na mvua ya mawe havimo. Hivyo unavinunua kwingine, na kwa wengi wetu kwingine ni TWIA, kwa jina refu Texas Windstorm Insurance Association. Ilianzishwa na bunge la Texas mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya kimbunga Celia kuipiga Corpus Christi na kampuni za bima kuanza kuikimbia pwani. Inahudumia kaunti 14 za pwani, pamoja na kipande cha kaunti ya Harris kilicho mashariki ya barabara ya 146. Ni mlango wa mwisho: unaingia baada ya angalau kampuni moja ya kawaida kukukatalia upepo. Na maji, yaani mafuriko, hayamo katika karatasi ya kwanza wala ya pili. Hayo yana karatasi ya tatu, mara nyingi chini ya mpango wa taifa wa bima ya mafuriko ulioanzishwa mwaka 1968.

Nilipomaliza kueleza hayo mezani, Baba alinyamaza, akamimina kahawa, akauliza, “Upepo mbali, maji mbali. Sawa. Sasa upepo ukiyaleta maji?”

Wallahi, watu wamelipwa mishahara mikubwa mahakamani kujibu swali hilo. Kimbunga Ike kilipotua Galveston tarehe 13 Septemba 2008, kule Bolivar nyumba nyingi zilibaki sakafu ya zege tupu. Nyumba yote imekwenda, hakuna ukuta wa kuchunguza. Ilibomolewa na upepo kwanza, au ilibebwa na maji? Ukiwa na bima ya upepo peke yake, jibu “ni maji” maana yake hupati kitu. Kesi zikawa nyingi, zikaenda miaka. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa kila anayeniandikia ni huu: bahari ikisukumwa na upepo hadi sebuleni kwako, kwenye bima hayo ni mafuriko. Haijalishi nani kayasukuma. Ukiwa na zote mbili, wakadiriaji watabishana wao kwa wao nani alipe kipi, lakini wewe huachwi mikono mitupu.

Baba hakuipenda hiyo. Si kwa sababu ya dini. Kuna wazee wana mashaka na bima kwa upande huo, na hayo wana wa kuwauliza. Pingamizi lake lilikuwa la mtu wa daftari. Yeye ni mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana, karibu miaka 15 sasa. Akasema, “Mwanangu, sisi tuna bima. Amekufa mtu hapa asizikwe? Amelazwa mtu hapa asichangiwe?” Na ni kweli. Nimeona maiti ikisafirishwa mpaka Tanga ndani ya siku nne kwa michango ya wadereva na wauguzi. Hakuna kampuni itakayokufanyia hivyo, tena bila fomu.

Lakini nilikuwepo pia Julai 2024. Beryl ilitua tarehe 8, karibu na Matagorda, kimbunga cha daraja la 1 tu, kile ambacho watu huku hukidharau. Umeme ukakatika kwa wateja zaidi ya milioni 2 eneo la Houston, kwenye joto lile. Chama chetu kina kaya 46. Kwa wiki moja, kaya 17 ziliomba msaada: mti juu ya gari, dari iliyoloa, friji mbili za biashara ya chakula zilizooza, mama mjamzito aliyehitaji hoteli yenye kiyoyozi. Wale wa kuchanga walikuwa ndio wale wale wa kuchangiwa. Baba aligawa kilichokuwepo, kila kaya ikapata kiasi ambacho nisingependa kukitaja, na kwa miezi miwili hakulala vizuri kwa kuogopa msiba utokee na kisanduku kitupu.

Kifo kinakuja nyumba moja moja. Kimbunga kinabisha hodi kwa wote usiku mmoja. Chama cha watu wanaokaa mtaa mmoja hakiwezi kubeba kitu kama hicho, hata wakiwa na mapenzi ya namna gani. Unahitaji kuchanga na watu wasiokujua, walioko mbali na upepo wako. Na bima ni upatu wa namna hiyo, wa watu wasioonana. Hata TWIA yenyewe iko hivyo: kampuni zinazouza bima ya mali Texas ni wanachama wake, na yenyewe hununua bima juu ya bima kwenye soko la dunia, ili Galveston ikipigwa, mzigo ubebwe pia na watu ambao siku hiyo kwao ni jua kali.

Nilipoliweka hivyo Baba akacheka, akanipa hadithi badala ya jibu. Yeye ni mtu wa Wete. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Miaka ile watu wa Unguja walipanda upya na kungoja, na mkarafuu si mhogo, unakusubirisha miaka. Huku Pemba ikiendelea kuchuma, mpaka ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu hadi leo. “Basi hiyo Twia yako,” akasema, “unataka kuniambia ni kutafuta Pemba.” Sijawahi kusikia mtu yeyote kwenye mafunzo ya kazini akieleza bima vizuri kuliko hivyo.

Tukaingia kwenye tarakimu. Hapa ndipo wengi wenu mmekwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila mkataba una kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa hata senti. Kwa moto na wizi mara nyingi ni kiasi kamili, mathalani dola 1,000. Kwa upepo huwa ni asilimia. Swali la kuuliza, na Baba aliliuliza kabla sijafika: asilimia ya nini? Wengi wanadhani ni asilimia ya hasara. Hapana. Ni asilimia ya kiasi ambacho nyumba imekatiwa bima. Nyumba yetu imekatiwa bima ya dola 280,000. (Tuliinunua kwa chini ya hapo. Bima haiangalii bei ya sokoni, inaangalia gharama ya kuijenga upya, na ardhi haihesabiwi kwa sababu ardhi haipeperuki.) Asilimia 1 ni dola 2,800. Asilimia 2 ni dola 5,600. Kwa kampuni binafsi nimeona mpaka asilimia 5, ambayo kwetu ingekuwa dola 14,000.

Sasa chukua hasara ya kawaida, si ile ya kwenye televisheni. Upepo unang'oa vigae vya upande mmoja wa paa, fundi anataka dola 5,000. Ukiwa na asilimia 2, umelipa ada mwaka mzima na bima inakupa sifuri. Ukiwa na asilimia 1, inakupa 2,200.

Tofauti ya ada kati ya hizo mbili kwetu ilikuwa dola 310 kwa mwaka. Ukigawa 2,800 kwa 310 unapata kama miaka 9. Maana yake, ukiamini upepo utakuletea hasara ya zaidi ya dola 5,600 mara chache kuliko hapo, asilimia 2 ni nafuu kwenye karatasi. Kikokotoo kilisema chukua 2. Nikamwambia Baba hivyo, na nikamwambia pia kwamba mimi nachukua 1.

Sababu yangu haikuwa ya kihasibu, au tuseme ni ya uhasibu wa nyumba zetu. Wenzangu kazini wakisema wana akiba ya dharura, wanamaanisha pesa imekaa mahali haiguswi na mtu. Yetu inaguswa. Ada ya shule ya binamu Tanga, dawa za shangazi, harusi, kisima. Mwaka wowote ule, ukiniuliza asubuhi ya siku ya pili baada ya kimbunga kama nina dola 5,600 taslimu za kumpa fundi, jibu la kweli ni kwamba inategemea nani amepiga simu mwezi uliopita. Dola 2,800 ninazo. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya wakala ni hilo: siku hiyo, nikiwa nimetoka kulala hotelini na wazee wawili, mkononi nitakuwa na shilingi ngapi? Ukiwa na akiba isiyoguswa, chukua asilimia kubwa na ufurahie ada ndogo. Sisi tulichukua 1.

Kuna jambo jingine ambalo lingeweza kutukosesha nyumba yenyewe. TWIA haichukui nyumba hivi hivi. Jengo lililojengwa, kuongezwa au kukarabatiwa tangu mwaka 1988 linatakiwa liwe na cheti kinachoitwa WPI-8, kwamba kazi ilifuata kanuni za kuhimili upepo. Na paa jipya ni ukarabati. Lina cheti chake. Nyumba yetu ilijengwa 1996 na cheti kilikuwepo, unaweza kutafuta kwa anwani kwenye tovuti ya idara ya bima ya Texas. Paa lilibadilishwa 2019, na cheti cha paa hakikuwepo. Muuzaji akatuambia paa ni jipya, zuri, la nini wasiwasi? Bila ile karatasi tungekuwa na paa zuri lisilo na bima, na bila bima ya upepo benki isingetoa mkopo. Tukaliweka kwenye masharti ya mauzo: amlete injinia kwa gharama yake, cheti kitoke, ndipo tuweke saini. Ilichukua wiki tano na Mama alishaanza kuangalia nyumba nyingine. Wewe tafuta cheti kabla hujapenda rangi ya jiko.

Mvua nayo ina mambo yake. Kwenye mkataba wa upepo tuliopewa, upepo ukitoboa paa na mvua ikaingia kwenye lile tundu, unalipwa. Mvua ikisukumwa na upepo ikapenya pembeni ya dirisha bila kitu kuvunjika, hulipwi, mpaka uwe umenunua nyongeza. Gharama za kukaa kwingine nyumba ikiwa haikaliki, nazo ni nyongeza. Tulichukua zote mbili. Ya pili hatukubishana hata dakika moja. Mama ana kisukari na insulini haitaki kulala kwenye gari.

Tulibishana kwenye mafuriko. Nyumba haiko kwenye eneo ambalo ramani inaliita la hatari kubwa, kwa hiyo benki haikutulazimisha.

“Benki imesema tununue?”

“Haijasema, Baba.”

“Basi?”

Nikamwambia benki inalinda pesa ya benki. Ile 40,000 haiko kwenye vitabu vyao. Nikampeleka Dickinson, mji wa jirani, kwa rafiki yake waliyeendesha naye teksi, ambaye Agosti 2017 aliamka usiku wa Harvey maji yako kwenye magodoro. Ramani yake nayo ilisema hatari ndogo. Upepo haukumgusa hata kigae kimoja, na bima yake ya upepo ilikuwa kamili, imelipwa kwa wakati. Walizungumza barazani karibu saa mbili, mimi sikuingia. Njiani kurudi Baba akasema, “Ile ya maji, lipa.”

Kwa mpango wa taifa, kiwango cha juu cha nyumba ni dola 250,000 na cha vitu vya ndani ni 100,000, na hivyo viwili vinanunuliwa kila kimoja peke yake. Usidhani ukinunua cha nyumba na makochi yamo. Pia ina subira ya siku 30 kabla haijaanza kufanya kazi, isipokuwa ukiinunua pamoja na mkopo wa nyumba. Ya upepo nayo, kimbunga kikishaingia Ghuba ya Meksiko, TWIA haipokei mteja mpya wala haiongezi kiwango mpaka kipite. Msimu unaanza tarehe 1 Juni. Ukisoma haya Mei, hujachelewa sana, lakini usingoje Jumatatu.

Na piga picha. Kila chumba, kila kabati likiwa wazi, namba za nyuma ya friji na televisheni, paa kutoka pande zote nne. Tuma kwa mtu anayeishi mbali. Za kwetu ziko kwa kaka yangu Minnesota. Dai kwa TWIA lazima lifunguliwe ndani ya mwaka mmoja tangu hasara itokee, na wazee wetu wana tabia ya kuziba kwanza na kuuliza baadaye. Kuziba ni sahihi, tena unatakiwa kuzuia hasara isizidi. Ila picha kwanza, turubai baadaye, na risiti ya turubai uihifadhi.

Chama kimebaki na kazi yake. Baba aliitisha kikao mwezi wa pili, wakakubaliana kisanduku kiendelee na misiba na wagonjwa, na cha kimbunga kisaidie kitu kimoja tu: kumwazima mwanachama ile sehemu anayobeba mwenyewe, ili bima yake ianze kulipa, naye airudishe taratibu. Wazo lake, si langu. Siku hizi mtu akimwambia amenunua nyumba upande wa pwani, badala ya hongera anauliza kama paa lina cheti.

Mkataba wetu unaisha mwezi ujao. Ada imepanda, na barua ya kuhuisha iko juu ya friji kwa sumaku. Baba amekwishaisoma kwa kamusi, peke yake, na amepiga mstari chini ya ile asilimia 1. Anasema mwaka huu binamu amemaliza chuo, akiba imetulia kidogo, labda twende kwenye 2. Mama hataki kusikia. Tunakaa Jumapili baada ya chakula cha mchana.